UZI: Arcelor ilivyoundwa na nchi tatu, na wanahisa wake walivyoiuza kwa Mittal mwaka 2006

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Habari ya Arcelor na Mittal husimuliwa mara nyingi kama kisa cha tajiri kutoka India aliyeingia Ulaya na mabilioni yake akaichukua kampuni kubwa ya chuma mbele ya macho ya mawaziri. Simulizi hiyo si ya uongo, lakini inaruka jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini. Kwa maoni yangu, Arcelor ilishindwa na bodi yake yenyewe kabla haijashindwa na Mittal, na hoja hiyo ndiyo nitakayoitetea katika uzi huu. Naomba uvumilivu, kwa sababu itanibidi nianzie mbali: asiyeijua Arbed, kampuni ya chuma ya Luxembourg iliyokuja kuwa sehemu ya Arcelor, hawezi kuelewa kwa nini watu walikasirika kiasi kile mwaka 2006.

Kusini mwa Luxembourg, kuanzia Dudelange hadi Differdange, kuna ukanda wa mawe mekundu ya chuma ambayo wenyeji huyaita minette. Mawe hayo yalikuwa mengi lakini hafifu. Chuma ndani yake kilikuwa takriban asilimia 30 tu, na fosforasi ilizidi mno, hivyo kwamba chuma kilichotoka humo kilivunjika kirahisi, hasa wakati wa baridi. Ufumbuzi ulitoka kwa mtu ambaye hata hakuwa mtu wa viwanda. Sidney Gilchrist Thomas alikuwa karani wa mahakama jijini London. Yeye na binamu yake Percy Gilchrist, aliyekuwa mkemia, waligundua kwamba ukijengea ukuta wa ndani wa chombo cha kusafishia chuma kwa matofali ya dolomiti na kutia chokaa ndani yake, fosforasi hutengana na chuma na kuishia kwenye taka inayoelea juu. Taka yenyewe ikisagwa huwa mbolea ya mashambani. Wenye viwanda wa Luxembourg walinunua haki ya kutumia njia hiyo mwaka 1879, na kuanzia hapo mawe yaliyokuwa yakidharauliwa yakawa mali.

Arbed ilizaliwa mwaka 1911 kwa kuunganisha kampuni tatu: ya Burbach, ya Eich na ya Dudelange. Burbach iko Saar, yaani upande wa Ujerumani, kwa hiyo kampuni hiyo ilivuka mpaka tangu siku yake ya kwanza. Kiongozi wake mashuhuri, Émile Mayrisch, ndiye aliyekuwa rais wa makubaliano ya kimataifa ya chuma ya mwaka 1926, yaliyogawana viwango vya uzalishaji kati ya Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji, Luxembourg na Saar. Alifariki mwaka 1928 katika ajali ya gari. Kabla ya hapo, mwaka 1921, Arbed ilikuwa imekwisha kuingia Brazili, katika kampuni iliyokuja kujulikana kama Belgo-Mineira. Naomba msomaji aishike nukta hii ya Brazili, kwa kuwa wale waliolalamika baadaye kwamba chuma cha Luxembourg kinachukuliwa na wageni walisahau kwamba Luxembourg nayo ilikuwa mgeni mwenye viwanda katika nchi za watu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Jumuiya ya Ulaya ya Makaa ya Mawe na Chuma ilipoanza kazi mwaka 1952, makao ya chombo chake kikuu yaliwekwa Luxembourg, na mwaka uliofuata Jean Monnet alikwenda Esch-Belval kushuhudia chuma cha kwanza cha "Ulaya" kikimiminwa. Mwaka 1974 nchi hiyo yenye watu wasiofika hata laki nne ilizalisha zaidi ya tani milioni 6 za chuma. Huo ndio ulikuwa mwaka wake wa kilele.

Mzee wa Mizani ameandika:
Mkuu, uzi mzuri. Ila hapo kwenye 1974 umekata ghafla. Ni kitu gani hasa kilichoiangusha biashara hiyo, bei ya mafuta peke yake au kulikuwa na jambo jingine? Maana Wajapani nao walipandishiwa mafuta na bado waliendelea kuuza chuma.

Mleta uzi:
Swali lako ni la msingi, Mzee wangu. Bei ya mafuta ilipunguza wanunuzi, lakini udhaifu ulikuwa umejengeka kabla. Meli kubwa zilikuwa zimeshafanya mawe ya chuma kutoka Brazili, Australia na Mauritania, yenye chuma zaidi ya asilimia 60, yawe nafuu kwa kiwanda chochote kilicho kando ya bahari. Usinor ya Ufaransa ilikuwa imeshajenga kiwanda chake Dunkirk, bandarini kabisa, katika miaka ya 1960, na Wajapani unaowataja walijenga karibu vyote pwani. Viwanda vya bara, vilivyowekwa Lorraine (mashariki mwa Ufaransa) na Luxembourg kwa sababu ya minette, vilibaki mbali na bahari vikiwa na mawe ambayo tani tatu zake zilitoa chuma kisichozidi tani moja. Mahitaji yaliposhuka, hao ndio waliokuwa wa kwanza kuumia. Mgodi wa mwisho wa chuma wa Luxembourg ulifungwa mwaka 1981.

Mwaka 1980 Tume ya Ulaya, kwa msukumo wa kamishna wake Étienne Davignon, ilitangaza hali ya mgogoro wa wazi katika sekta ya chuma na kuanza kuipangia kila kampuni kiasi cha kuzalisha. Ufaransa iliitaifisha Usinor pamoja na mwenzake Sacilor, ikaziunganisha mwaka 1986 chini ya Francis Mer, kisha ikaziuza kwa umma mwaka 1995. Hispania iliunganisha viwanda vya Asturias na vya Vizcaya hadi ikapatikana kampuni iliyoitwa Aceralia, na Arbed ikachukua asilimia 35 yake. Luxembourg ilipita njia yake ya peke yake: serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikaa meza moja, wafanyakazi waliokosa kazi matanuruni wakapewa kazi nyingine badala ya kuachishwa kwa wingi, na wananchi wakatozwa kodi ya mshikamano. Huo ndio mzizi wa hasira ya 2006. Mwananchi wa Esch aliamini, na alikuwa na haki ya kuamini, kwamba aliinunua Arbed kwa kodi yake.

Katika miaka ya 1990 Arbed iliachana na tanuru la mawe na koki (makaa ya mawe yaliyookwa), ikahamia matanuru ya umeme yanayoyeyusha chuma chakavu. Tanuru la mwisho la mtindo wa zamani lilizimwa Belval mwaka 1997. Mojawapo ya matanuru ya hapo lilifunguliwa vipande vipande na kusafirishwa hadi Kunming, China. Mengine yamebaki yamesimama, na Chuo Kikuu cha Luxembourg kimejengwa pembeni yake.

Sasa tuingie kwenye muungano wenyewe. Mwezi Februari 2001 Arbed, Aceralia na Usinor zilitangaza kuungana, na Februari 2002 Arcelor ikaanza rasmi, makao yake makuu yakiwa Luxembourg. Ilikuwa na wafanyakazi wapatao laki moja na uwezo wa kutoa zaidi ya tani milioni 40 kwa mwaka, hivyo ikawa kampuni kubwa kuliko zote za chuma duniani. Hesabu ya kibiashara ilikuwa sahihi. Wauzaji wa mawe ya chuma walikuwa wachache na wakubwa, watengenezaji wa magari nao walikuwa wachache na wakubwa, na kampuni za chuma zilizokuwa katikati zilikuwa nyingi na dogodogo, kila mmoja akiwabana kwa upande wake. Arcelor ilijenga jina lake kwenye mabati ya magari, yale membamba yaliyopakwa zinki ambayo yanapaswa kukunjwa kuwa mlango au bawa la gari bila kupasuka. Mwenyekiti alikuwa Joseph Kinsch, aliyetoka Arbed, na mtendaji mkuu alikuwa Guy Dollé, aliyetoka Usinor.

Kuna jambo moja ambalo halikutiliwa uzito katika sherehe zile. Serikali ya Luxembourg ilibaki na takriban asilimia 5.6 ya hisa, na sehemu kubwa ya zilizosalia ilikuwa sokoni, mikononi mwa mifuko ya uwekezaji ya London, New York na Paris. Kampuni iliyojengwa kwa fedha za serikali tatu ilikuwa haina tena mwenye nyumba.

Binti Rehani ameandika:
Ndugu mleta uzi, huyu Mittal alitokea wapi hasa? Wengine tulimfahamu kwa habari za harusi za kifahari tu.

Mleta uzi:
Lakshmi Mittal alizaliwa mwaka 1950 Sadulpur, katika jimbo la Rajasthan. Baba yake alikuwa na biashara ya chuma, na mwaka 1976 kijana akaanzisha kiwanda cha familia Indonesia. Kilichompaisha kilikuja baadaye, naye alikirudia kwa miaka kumi na tano: kutafuta kiwanda cha serikali kilichochoka, kukichukua kwa bei ya chini, kuleta mameneja wake na kukiendesha. Mwaka 1989 alipewa kiwanda cha Trinidad, mwaka 1992 akanunua cha Meksiko, mwaka 1995 akanunua kile kikubwa cha Temirtau, Kazakhstan, pamoja na migodi yake ya makaa, kisha zikafuata Romania, Algeria, Afrika Kusini, Ucheki na Poland. Mwaka 1999 Usinor yenyewe ilimuuzia viwanda vyake vya Gandrange, Ufaransa. Mwaka 2004 aliziunganisha kampuni zake na kununua International Steel Group ya Marekani, na hapo ikazaliwa Mittal Steel, kubwa kuliko Arcelor. Mwezi Oktoba 2005 Ukraine ilipoupiga mnada kiwanda cha Kryvorizhstal mbele ya kamera za televisheni, alilipa dola bilioni 4.8, na mmoja wa walioshindwa katika mnada huo ni Arcelor.

Kwa hiyo dharau ya Dollé haikuwa ya bahati mbaya. Arcelor ilijiona ni fundi wa chuma cha hali ya juu, na ilimwona Mittal kuwa mkusanyaji wa viwanda vikongwe. Dollé alifika mahali pa kusema hadharani kwamba Arcelor inatengeneza manukato halisi na mwenzake anatengeneza maji ya kujipulizia tu. Hata hivyo, mkusanyaji huyo alikuwa na kitu ambacho fundi hakuwa nacho cha kutosha, nacho ni migodi, na bei ya mawe ya chuma ilikuwa imeanza kupanda kwa kasi kwa sababu ya China.

Dau lilitangazwa tarehe 27 Januari 2006. Mittal aliahidi hisa 4 za Mittal Steel pamoja na yuro 35.25 taslimu kwa kila hisa 5 za Arcelor, jambo lililomaanisha yuro 28.21 kwa hisa, na jumla yake ikawa yuro bilioni 18.6. Siku moja kabla, hisa ya Arcelor ilifunga kwa yuro 22 na senti kidogo. Jean-Claude Juncker, waziri mkuu wa Luxembourg, aliliambia bunge kwamba shambulio la uadui linastahili jibu la uadui usiopungua. Thierry Breton, waziri wa fedha wa Ufaransa, alilalamika kwamba dau hilo limekiuka sarufi ya biashara. Wawekezaji walisikiliza yote hayo na kwenda kununua hisa zaidi za Arcelor, kwa sababu walijua kwamba pakiwa na ugomvi bei itapanda.

Kinga ya kwanza ya bodi ilihusu Dofasco ya Kanada, kampuni ambayo Arcelor ilikuwa imetoka kuishinda ThyssenKrupp ya Ujerumani kuipata, kwa dola 71 za Kanada kwa hisa. Mittal alikuwa amewaahidi Wajerumani kwamba akiipata Arcelor atawauzia Dofasco. Bodi ikaihamishia Dofasco kwenye wakfu ulioandikishwa Uholanzi, wenye mamlaka ya kuzuia isiuzwe kwa miaka mitano. Nitarudi kwenye wakfu huo, kwa kuwa mwisho wake unachekesha.

Kinga ya pili ndiyo iliyowaangusha. Mwezi Mei Mittal alipandisha dau, na tarehe 26 ya mwezi huo Arcelor ikatangaza kwamba itaungana na Severstal ya Urusi. Alexey Mordashov, mwenye Severstal, angeleta viwanda vyake na yuro bilioni 1.25 taslimu, naye angepata takriban asilimia 32 ya Arcelor, bila kuwalipa wanahisa wengine chochote kwa kupata nguvu kubwa kiasi hicho. Bodi ilipanga pia kununua baadhi ya hisa na kuzifuta, hatua ambayo ingeikuza sehemu ya Mordashov bila yeye kutoa senti ya ziada. Wengi wameizungumza Severstal kama suala la Urusi na siasa zake. Mimi naona tatizo lilikuwa kwenye kanuni ya kura. Bodi haikuwaomba wanahisa waidhinishe. Ilisema muungano utapita isipokuwa wenye zaidi ya nusu ya hisa zote za kampuni, siyo nusu ya waliohudhuria, waje na kuukataa. Kwa kawaida mikutano ya Arcelor haikuwahi kukusanya hata nusu ya hisa. Maana yake ni kwamba waliokaa nyumbani wangehesabiwa kuwa wamekubali.

Hapo ndipo watu walipobadilika. Mwenye mfuko wa uwekezaji anaweza kuvumilia bei ndogo kwa muda, lakini hawezi kuvumilia kuambiwa kwamba mali yake itabadilishwa mwenyewe na kura yake imekwisha kuhesabiwa. Wanahisa wenye zaidi ya moja ya tano ya hisa walitia saini barua wakidai kura ya kweli. Na hoja ya Ulaya, iliyokuwa ikihubiriwa tangu Januari, ilikufa siku ile ile, kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza kwa unyofu kwa nini familia moja kutoka Cherepovets, Urusi, ni ya Ulaya zaidi kuliko familia ya Mittal inayoishi London na kusajili kampuni yake Rotterdam.

Tarehe 25 Juni, siku ya Jumapili, bodi ilikaa kwa saa nyingi na kukubali dau jipya la Mittal: hisa 13 na yuro 150.60 kwa kila hisa 12 za Arcelor, sawa na yuro 40.40 kwa hisa, au bilioni 26.9 kwa jumla. Mordashov alilipwa yuro milioni 140 kama fidia ya kuvunjwa kwa makubaliano. Siku tano baadaye wanahisa walikutana Luxembourg, na takriban asilimia 58 ya hisa zote za kampuni zilipigwa dhidi ya Severstal. Kizingiti kilichowekwa ili kisifikiwe kilivukwa.

Mzee wa Mizani ameandika:
Nakubali sehemu kubwa, lakini naomba niwatetee wakurugenzi kidogo. Kama wangekubali Januari, wanahisa wangepata 28. Walipinga, wakapata 40. Je, hiyo siyo kazi iliyofanyika vizuri? Pengine walikuwa wanajua wanachokifanya.

Mleta uzi:
Hoja yako ina uzito, na kama wangepinga kwa nia ya kupandisha bei ningewapa heko. Zaidi ya hayo, Mittal alilazimika kuachia haki ya kupiga kura mara kumi kwa kila hisa ya familia, familia ikashuka kutoka asilimia 88 ya Mittal Steel hadi karibu 43 ya kampuni mpya, makao yakabaki Luxembourg na Kinsch akabaki mwenyekiti hadi 2008. Hayo si madogo. Ila Dollé hakuwa akipigania bei. Alipigania kampuni isiuzwe, na kampuni ikauzwa, naye akaondoka. Matokeo mazuri kwa mwenye hisa yalipatikana kwa sababu wanahisa waliwageuka viongozi wao.

Kuhusu ule wakfu wa Uholanzi: baada ya muungano Mittal aliuomba uiachie Dofasco ili atimize ahadi yake kwa ThyssenKrupp. Wadhamini walikataa. ThyssenKrupp ikaenda mahakamani Rotterdam na kushindwa mwezi Januari 2007, na wizara ya sheria ya Marekani, iliyotaka ushindani usipungue upande wake, ikaridhika na kuuzwa kwa kiwanda cha Sparrows Point, Maryland. Kinga iliyotengenezwa ili kumzuia Mittal ndiyo iliyomwachia mikononi mojawapo ya mali bora za Arcelor, na Dofasco iko ndani ya kampuni hiyo mpaka leo.

Binti Rehani ameandika:
Na wafanyakazi, ndugu yangu? Umezungumza sana juu ya wenye hisa. Wale wa Lorraine, na wa Liège kule Ubelgiji, waliambulia nini?

Mleta uzi:
Umenikumbusha jambo la haki, dada. Kampuni mpya ilianza na wafanyakazi wapatao 320,000 na karibu asilimia 10 ya chuma cha dunia, na miaka miwili ya mwanzo ilikuwa ya neema. Ikaja 2008. Kitengo cha kuyeyushia chuma cha Gandrange kilifungwa mwaka 2009, ingawa Rais Sarkozy wa Ufaransa alikuwa amekwenda pale mwenyewe kuwaahidi wafanyakazi. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba matanuru ya Liège yatazimwa moja kwa moja, na mwaka 2012 ikaja zamu ya Florange, huko Lorraine, ambako waziri wa Ufaransa Arnaud Montebourg alipendekeza serikali ikitaifishe kiwanda kwa muda. Waziri mkuu Ayrault alichagua makubaliano: matanuru mawili yazimwe, kusiwe na kufukuzwa kwa lazima, na kampuni iwekeze yuro milioni 180 kwa miaka mitano. Matanuru yalizimwa rasmi mwaka 2013. Mwishoni mwa 2012 kampuni ilikuwa imeshapunguza thamani ya biashara yake ya Ulaya vitabuni kwa dola bilioni 4.3.

Mtu anaweza kuuliza kama Arcelor iliyobaki peke yake ingeyaokoa matanuru hayo. Florange na Liège ni za bara, na Arcelor ile ile, mwaka 2003, ilikuwa imetangaza mpango wa kufunga matanuru ya bara na kuhamishia uzalishaji pwani, Liège na Florange zikiwa kwenye orodha. Mittal aliahirisha kwanza kwa sababu soko lilikuwa zuri, kisha akatekeleza soko lilipoharibika. Mfanyakazi wa Florange aliyemlaani Mittal alikuwa na sababu zake, ila mpango uliomwondoa kazini uliandikwa na watu wa nyumbani.

Kwa sasa ArcelorMittal si ya kwanza tena duniani. Baowu ya China imeipita. Mwaka 2020 iliuza sehemu kubwa ya viwanda vyake vya Marekani kwa Cleveland-Cliffs, na mwaka 2023, baada ya moto wa mgodi wa Kostenko ulioua watu 46, iliachia Temirtau. Tangu 2021 mtendaji mkuu ni Aditya Mittal, mtoto wa Lakshmi. Makao makuu bado yako Luxembourg, na Belval na Differdange bado zinayeyusha chuma chakavu kwa umeme. Kama kuna mwenye swali juu ya upande wa Ilva, kampuni ya chuma ya Italia, na kiwanda chake cha Taranto, naomba afungue uzi wake, kwa sababu habari ile ni ndefu kuliko hii.